Uzi: Kijiti cha adhuhuri, bamvua na setilaiti ya Ngomeni. Sayansi ya anga kwa sisi wa Mombasa

Mtazamanyota (mleta uzi)

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote.

Kila mada ya anga ikifunguliwa humu, baada ya michango mitatu minne anatokea mtu anasema mambo hayo ni ya Wamarekani na Wachina, sisi hatuna darubini wala roketi. Kauli hiyo inaniuma, na leo nataka kuijibu kwa hoja. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Imezungukwa na maji yanayoufuata mwezi usiku na mchana. Iko karibu kabisa na mstari mmoja wa longitudo na Makka. Na ukipanda gari kuelekea kaskazini, ukaipita Malindi, unafika Ngomeni, mahali iliporushwa setilaiti iliyotuelekeza kwenye shimo jeusi (kitu chenye mvuto mkubwa hata nuru haichomoki) la kwanza kukubalika na wanasayansi. Mengi nitakayoeleza unaweza kuyahakiki mwenyewe kwa kijiti na saa ya simu. Usinikubalie kwa maneno tu, pima.

Tuanze na kivuli.

Simamisha kijiti wima juu ya sakafu iliyo sawa. Ukiazima timazi ya fundi mwashi ni bora zaidi, maana uzi wake unaning'inia wima bila ubishi. Asubuhi kivuli kinaelekea magharibi, jioni mashariki, na katikati kuna dakika moja ambayo kivuli huwa kifupi kuliko wakati wowote wa siku hiyo. Hapo jua linavuka mstari wa kaskazini na kusini, na hiyo ndiyo adhuhuri ya kweli. Ukiitazama saa yako utaona haisemi saa 6 kamili. Saa ya Afrika Mashariki imewekwa kwa kufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu, na sisi tuko kwenye 39.7. Dunia huzunguka nyuzi 1 kila dakika 4, kwa hiyo jua linatufikia dakika 21 hivi baada ya kupita kwenye mstari huo. Kuna na tofauti ya pili, inayobadilika mwaka mzima, kwa sababu njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili na mhimili wake umeinama nyuzi 23.4. Tofauti hiyo mara inaongeza dakika, mara inapunguza.

Mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko kaskazini mwetu na kivuli kinaanguka kusini. Disemba ni kinyume. Basi lazima kuwe na siku linapita juu ya utosi, na zipo mbili kila mwaka: karibu na Machi 10, mnamo saa 6:32 mchana, na karibu na Oktoba 3, mnamo saa 6:10. Dakika hiyo nguzo ya umeme iliyonyooka haina kivuli ubavuni, na ndoo yenye maji inamulikwa hadi chini. Mtu wa London au Cairo hajapata kuliona jambo hili kwao, kwa sababu jua haliwafikii utosini hata siku moja.

Sasa nisikilizeni kwa hili, kwa kuwa mimi naliona zuri kuliko yote. Longitudo ya Makka ni 39.8. Yetu ni 39.7. Tofauti hiyo, ukiipima huku ikweta, haifiki kilomita 20. Maana yake ni kwamba kibla cha Mombasa ni kaskazini, karibu sawasawa kabisa, na adhuhuri yetu na ya Makka zinaingia pamoja. Kila mwaka jua hupita juu kabisa ya Al-Kaaba mara mbili: karibu na Mei 28 saa 6:18 mchana, na karibu na Julai 16 saa 6:27. Saa za Saudia ni sawa na zetu, kwa hiyo huna hesabu ya kugeuza. Dakika hiyo, popote ulipo unapoliona jua, ukilielekea umeelekea kibla, na kivuli cha kijiti chako kinakuonyesha upande wa pili wa mstari huohuo. Tarehe inaweza kusogea siku moja kwa sababu ya miaka mirefu, ila siku moja kabla au baada haiharibu kipimo. Dira ya simu ikiwa karibu na nondo au mabati huyumba. Jua haliyumbi.

Ukishaiona adhuhuri kwa macho yako, mengine yatakuwa mepesi. Ulizeni, nitaendelea.

Baharia wa Kilindini

Shukrani kwa uzi huu, ndugu. Sisi wa baharini kivuli tunakijua, ila nieleze bamvua. Wazee wetu walituambia mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji yanajaa sana na kupwa sana, na ni kweli, tunaona. Lakini kwa nini mwezi mpevu, ambao uko upande wa pili wa dunia mbali na jua, uvute sawa na mwezi mchanga ulio upande mmoja nalo? Na mbona maji makubwa kabisa hayaji siku yenyewe, yanakuja siku moja mbili baadaye?

Mtazamanyota

Swali hili la kwanza limewasumbua wengi, na jibu lake ni zuri, mzee wangu.

Linaloinua maji si mvuto wenyewe, ni tofauti ya mvuto. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka kwetu. Upande wa dunia ulioukabili mwezi unavutwa zaidi kuliko kitovu cha dunia, na kitovu kinavutwa zaidi kuliko upande wa nyuma. Tokeo lake ni kwamba dunia inanyooshwa pande mbili, si upande mmoja: maji ya mbele yanatangulia, maji ya nyuma yanabaki. Ndiyo sababu maji yanajaa mara mbili kwa siku. Jua nalo linafanya vivyo hivyo, kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi, kwa kuwa liko mbali mno. Sasa ikiwa mwezi na jua ziko upande mmoja au zinakabiliana, mstari wa kunyoosha ni uleule, na nguvu zinajumlika. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mvuto wa jua unakata pembeni ya ule wa mwezi, na tunapata maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana.

Maji kuchelewa siku moja mbili ni kwa sababu bahari si kitu chepesi cha kufuata amri papo hapo. Maji yana uzito, yanasuguana na sakafu ya bahari, yanagonga mabara na kurudi. Nguvu ikifika kilele leo, maji yanaitikia kesho au kesho kutwa. Na bamvua zilizo kubwa kuliko zote huja karibu na Machi na Septemba, wakati jua liko juu ya ikweta na usiku na mchana vinakaribiana.

Niongeze jambo moja ambalo watu wa pwani wanaliona kila mwezi. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa sababu mwezi nao unasogea mbele wakati dunia inazunguka. Lakini siku za bamvua hapa kwetu maji hukauka mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, mwezi baada ya mwezi, na ndipo unapowaona watu wakitembea miambani kutafuta pweza. Kwa nini saa ileile? Kwa sababu bamvua yenyewe ni mwezi kuwa kwenye mstari mmoja na jua, na saa zetu tunazisoma kwa jua. Mwezi ukirudi kwenye mstari huo, baada ya siku 29 na nusu, unarudi na saa zake. Mvuvi wa Mtongwe anayejua kupwa kwa bamvua ni saa ngapi ana elimu ya falaki mkononi mwake.

Bint Mkomani

Kaka, Baharia ametaja kuandama. Mimi kila mwaka nyumbani kwetu usiku wa 29 ni mabishano. Huku wanasema umeonekana mahali fulani, kule wanasema haujaonekana. Sayansi inasemaje? Sitaki ugomvi wa kidini humu, nataka kuelewa tu.

Mtazamanyota

Dada yangu, nani afuate mwandamo wa nani ni la masheikh na Kadhi, sitaligusa. Nitaeleza upande wa hesabu.

Kuna wakati mmoja, uleule kwa dunia nzima, ambapo mwezi unapita upande wa jua na uso wake wenye nuru umetupa kisogo. Wakati huo unahesabika kwa dakika, miaka mingi kabla. Kuanzia hapo mwezi unajitenga na jua kiasi cha nyuzi 12 kwa siku, yaani nusu nyuzi kwa saa. Ukiwa haujajitenga nyuzi 7 hivi, hilali ni nyembamba mno kuonekana, na hata darubini haisaidii. Kwa jicho tupu, watu wengi wanahitaji mwezi uwe umejitenga nyuzi 10 au zaidi, na anga liwe safi. Kwa hiyo hesabu inaweza kusema kwa yakini kwamba leo hauwezi kuonekana. Haiwezi kukuahidi kwamba leo utauona, maana mawingu hayamo kwenye hesabu.

Jua linazama nchi za mashariki kwanza kisha za magharibi. Aliye Moroko analiona likizama saa kadhaa baada yetu, na katika saa hizo mwezi umezidi kujitenga. Ndiyo maana inawezekana kabisa sisi tusiuone na wao wauone usiku huohuo, bila ya yeyote kusema uongo. Lakini hoja hiyo haitumiki baina yetu na Makka, kwa kuwa nimeshasema longitudo zetu zinakaribia kuwa moja. Tofauti ya kuzama jua baina yetu na wao inatokana na msimu: Juni wao wanachelewa, Disemba sisi tunachelewa.

Huku karibu na ikweta tuna bahati nyingine. Jua na mwezi vinateremka karibu wima, haviteleziki pembeni ya upeo wa macho kama nchi za kaskazini. Ndiyo sababu hilali yetu hulala chali mfano wa dau, na ile inayochorwa kwenye picha za ulaya inasimama kwa upande. Shida ya Mombasa ni upande wenyewe wa kutazama. Bahari iko mashariki, hilali iko magharibi, na magharibi yetu ni nchi kavu yenye moshi wa Changamwe na taa za bandari. Anayetaka kuutafuta mwezi kwa dhati apande mahali pa juu penye magharibi wazi, kama vilima vya Mazeras, awahi kabla ya jua kuzama, na asielekeze kioo chochote magharibi mpaka jua lizame lote.

Kijana wa Bamburi

Wakuu, kuna usiku tuliona msururu wa taa zimejipanga mstari, zinakwenda kimya kimya juu ya bahari kisha zikapotea ghafla. Mtaani kila mtu na lake. Wengine wanasema ni majini, wengine ndege za kijeshi. Ni nini?

Mtazamanyota

Kwa maelezo yako hizo ni setilaiti za Starlink. Zinarushwa nyingi kwa roketi moja, na siku za mwanzo kabla hazijatawanyika zinafuatana kama ulivyoona. Hazina taa zao. Zinamulikwa na jua, ambalo kwako limeshazama lakini huko juu kilomita mia kadhaa bado linawaka. "Zikapotea ghafla" ni pale zilipoingia kwenye kivuli cha dunia. Ndiyo sababu utaziona mapema usiku au karibu na alfajiri, si usiku wa manane.

Ukiona moja, kubwa, nyeupe, haimetimeti, inavuka anga kwa dakika chache, huenda ni kituo cha kimataifa cha anga. Kiko kilomita 400 hivi juu, kinakwenda kilomita 28,000 kwa saa, na kinaizunguka dunia kila baada ya dakika 92 au 93. Ndani yake muna watu. Waonyeshe watoto, ni jambo wasilolisahau.

Mama wa Likoni

Na vitu hivyo haviwezi kutuangukia? Nilisikia habari za kule Makueni.

Mtazamanyota

Ni kweli, mama. Disemba 30, 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kuwa ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Hakuna aliyeumia. Vyombo vingi huungua vikiingia hewani, na sehemu kubwa ya dunia ni bahari, kwa hiyo hatari kwa mtu mmoja ni ndogo sana. Lakini Makueni si bahari, na mimi naona nchi zinazorusha roketi ziwajibike zaidi kwa mabaki yao. Ukikuta kipande, usikiguse, huenda kina mabaki ya mafuta yenye sumu. Toa taarifa kwa polisi.

Sasa nirudi Ngomeni, maana nimeahidi.

Miaka ya 1960, Waitalia wakiongozwa na Luigi Broglio walikuwa wanatafuta mahali pa kurushia roketi. Walitaka vitu viwili. Kwanza, ikweta. Dunia ikizunguka, mtu aliyesimama ikweta anakwenda mita 465 kila sekunde bila kujijua, na aliye karibu na ncha ya dunia anakwenda kidogo tu. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki kutoka ikweta inaanza safari na mwendo huo mkononi, ikipunguza mafuta au ikiongeza mzigo. Pili, walitaka bahari upande wa mashariki, ili sehemu zinazoachwa njiani zianguke majini. Pwani ya Kenya ina vyote viwili. Wakaleta majukwaa yenye miguu, wakayasimamisha kwenye maji ya kina kifupi ya ghuba ya Ungwana: San Marco la kurushia, na Santa Rita la kuongozea. Aprili 26, 1967 setilaiti ya San Marco 2 ikaondoka hapo. Hadi 1988 setilaiti 9 ziliingia kwenye njia zao kutoka majini pale.

Iliyo kubwa kuliko zote kwa maana yake iliruka Disemba 12, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru. Ilikuwa ya NASA, mradi wake ukisimamiwa na mhandisi mwanamke, Marjorie Townsend, na kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji ikaitwa Uhuru.

Kazi yake ilikuwa kutazama mionzi ya eksirei kutoka mbinguni. Wengi wetu tunaijua eksirei ya hospitali. Vitu vyenye joto la mamilioni ya nyuzi huko angani vinaitoa kwa wingi, lakini hewa ya dunia inaizuia yote, na tushukuru, maana ingetudhuru. Basi ili kuiona lazima utoke nje ya hewa. Kabla ya Uhuru watu walirusha roketi fupi zilizopanda dakika chache na kuanguka, zikaona mionzi hiyo ipo bila nafasi ya kuichunguza. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi hiyo peke yake. Ilijizungusha polepole, ikilifagia anga ukanda kwa ukanda, na ilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339.

Kimoja kati ya vilivyochunguzwa kinaitwa Cygnus X-1. Uhuru iligundua kwamba mionzi yake inapanda na kushuka ndani ya muda usiofika sekunde. Hapa pana hoja ya kupendeza, ifuateni taratibu. Hakuna kinachokwenda kwa kasi kuliko nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde. Kitu kikubwa hakiwezi kubadilika chote kwa pamoja haraka kuliko muda wa nuru kukivuka kutoka ukingo hadi ukingo. Jua letu lina upana wa kilomita milioni 1.4, nuru inahitaji karibu sekunde 5 kulivuka. Kinachobadilika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde lazima kiwe kidogo sana kuliko jua. Kisha darubini za ardhini zikaikuta pale nyota kubwa ya rangi ya buluu, inayozungushwa na kitu kisichoonekana kila baada ya siku 5.6. Ukijua jinsi nyota inavyoyumbishwa unaweza kukadiria uzito wa anayeiyumbisha. Kipimo kilichotolewa 2021 kinasema uzito wa jua 21. Uzito wa jua 21, ndani ya kitu kidogo, kisichotoa nuru yake chenyewe. Hilo ni shimo jeusi, na eksirei tunazoziona ni za gesi inayopashwa moto ikizunguka kuingia humo.

Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi ya setilaiti hiyo, alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Fizikia 2002.

Ndugu zangu, hayo yalianzia majini kwetu, mahali wavuvi wanapopita na mashua zao. Naona ni hasara kubwa mtoto wa Kilifi au Mombasa amalize shule akijua majina ya roketi za Florida na asiijue Uhuru. Mwaka 2023, Aprili 15, setilaiti yetu Taifa-1 ilirushwa kutoka California kwa roketi ya Falcon 9. Nilifurahi sana, na hapohapo nikajiuliza kwa nini tulikwenda California ilhali ikweta iko kwetu.

Mwalimu wa Fizikia

Nathibitisha hoja ya kasi ya nuru, huwa naifundisha kidato cha nne na wanafunzi wanaipenda. Swali: je, hiyo Cygnus X-1 tunaweza kuwaonyesha wanafunzi mahali ilipo?

Mtazamanyota

Mahali, ndiyo, mwalimu. Mwishoni mwa Agosti na mwanzo wa Septemba, mnamo saa 3 usiku, geukia kaskazini uinue macho kidogo kupita nusu ya kimo cha anga. Kundinyota la Cygnus liko hapo, na chanzo hicho kiko kwenye shingo yake. Nyota ya buluu yenyewe ni hafifu kwa jicho tupu, inahitaji darubini ndogo na ramani nzuri. Iko mbali kiasi cha miaka ya nuru 7,200, yaani nuru inayoingia jichoni mwako leo iliondoka kabla ya watu kuanza kuandika.

Kuna na somo jingine usilolipata nchi nyingi. Katikati ya Mei saa 3 usiku, simama mahali ambapo kaskazini na kusini kuko wazi. Kusini utauona Msalaba wa Kusini umesimama, kimo cha nyuzi 30 na kitu. Geuka nyuma: Dubu Mkubwa yuko kaskazini wakati huohuo, kimo cha nyuzi 30 hivi. Mtu wa Ulaya ya kaskazini hauoni Msalaba maisha yake yote, wa New Zealand hamwoni Dubu akiwa mzima. Wewe una wote wawili kwa kugeuza kisigino. Tatizo ni masika, Mei ina mawingu. Ukikosa, jaribu Juni mara tu giza linapoingia. Pembeni mwa Msalaba, upande wa kushoto, kuna nyota mbili kali. Iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alpha Centauri, jirani yetu wa karibu baada ya jua, miaka ya nuru 4.4. Nyota ya Kaskazini usiitafute hapa, iko chini ya upeo wetu. Mabaharia wa majahazi waliokwenda Arabuni na kusi waliiona ikichomoza baada ya kuivuka ikweta, na kila walipozidi kaskazini ikazidi kupanda, wakajua wamefika wapi.

Disemba hadi Februari tazama Orion. Mstari wa ikweta ya mbingu unapita kwenye mshipi wake, kwa hiyo nyota tatu zile zinapita karibu kabisa na utosi wetu.

Fundi Lenzi

Naomba niongeze upande wa vyombo, kwa kuwa nakarabati kamera. Watu hukimbilia darubini za bei rahisi zinazojisifu zinakuza mara 500. Msinunue hizo, picha inakuja na ukungu na kiguu chake kinatikisika. Anza na darubini ya macho mawili ya 7x50 au 10x50 (namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita). Kwa hiyo utaona mashimo ya mwezini, miezi minne ya Mushtari aliyoiona Galileo 1610, na Kilimia kitakujaa jichoni. Pete za Zohali ndizo zitakazohitaji darubini ya kweli.

La muhimu zaidi kwa hapa kwetu ni unyevu. Hewa ya chumvi na joto la Mombasa vinaotesha ukungu ndani ya lenzi, na ukishaota ndani kuutoa ni kazi. Ukimaliza, futa umande wa nje, acha chombo kikauke, kisha kiweke kwenye kasha linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Usikifungie kabatini kwenye mfuko wake wa ngozi.

Bint Mkomani

Tukatazamie wapi? Mjini taa zimezidi.

Mtazamanyota

Mwezi, sayari na nyota kali unaziona hata juu ya paa la Kibokoni. Kwa Njia ya Maziwa nenda Shimoni au Msambweni usiku usio na mwezi, au Tsavo ukipata safari. Nenda na wenzako, na macho yape nusu saa ya giza bila simu.

Baharia wa Kilindini

La mwisho kwangu. Septemba 2025 tuliuona mwezi ukiwa mwekundu. Kupatwa kwa jua kutakuja lini?

Mtazamanyota

Ule wa Septemba 7, 2025 ulikuwa mzima kabisa kwetu, kuanzia saa 2:30 usiku hadi karibu saa 3:52. Wekundu ulitokana na hewa ya dunia, inayopinda nuru ya jua na kuipitisha ile nyekundu tu hadi mwezini.

Kwa jua, andika Agosti 2, 2027. Kivuli kitaanzia Atlantiki, kipite kusini mwa Hispania, Afrika ya Kaskazini, Misri, Saudia, Yemen hadi ncha ya Somalia. Luxor, mji wa Misri, watakaa gizani zaidi ya dakika 6, na Makka takriban dakika 5. Mombasa tutaona jua likiliwa kipande kidogo tu, mchana baada ya adhuhuri.

Kipande kidogo hakimaanishi salama. Jua lililobaki linaunguza jicho bila maumivu, na jicho lililoungua hivyo huenda lisirudi. Miwani ya kawaida haifai hata uvae miwili, wala kioo kilichopakwa moshi, wala picha ya zamani ya eksirei. Tafuta miwani ya kupatwa iliyoandikwa ISO 12312-2, uikague isiwe na mkwaruzo. Ukiikosa, toboa kadibodi kwa sindano, lipe jua mgongo, uache nuru ipite kwenye tundu hilo iangukie karatasi nyeupe. Utaona kijua kidogo kimemegwa pembeni. Au simama chini ya mwarobaini na utazame ardhini: kila upenyo baina ya majani utakuchorea kijua chake.